Kila mtoto na karatasi yake: maswali yenu kuhusu safari na watoto

Wasomaji wangu wapendwa,

Tangu mwaka huu wa 2022 uanze, barua za homa na kikohozi zimepungua mezani kwangu, za safari ndizo zimejaa. Kwa sababu ya korona, wengi wenu mmekaa miaka miwili hamjawaona waume, wake, wazazi au wajukuu. Sasa njia zimefunguka nusu: kupita unaruhusiwa, ila kwa masharti, na masharti yenyewe hubadilika kabla wino haujakauka. Anayesafiri peke yake hujibeba mwenyewe. Mwenye watoto hubeba masharti ya watu wanne kwa mara moja, kila mmoja kwa umri wake.

Nilikuwa muuguzi katika kliniki ya chanjo za wasafiri mpaka nilipostaafu, na Desemba iliyopita nilisafiri na binti yangu na wajukuu watatu kwenda Marekani. Ninayowajibu leo mwanzoni mwa Februari ni ya kazini na ya safari hiyo. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake mna barua za wengi.

*Shikamoo Mama. Mume wangu yuko Marekani tangu 2019. Mimi na watoto tumepata viza ya matembezi, na ndege yetu ni ya usiku wa tarehe 27 Februari, tunaunganisha Ulaya. Wa kwanza ana miaka 13, wa pili 6, na wa mwisho anatimiza miaka miwili tarehe 28, siku tutakayokuwa njiani. Mimi nimechanjwa dozi zote mbili, watoto bado. Wakala wa tiketi ameniambia watoto wamesamehewa, nisihangaike nao. Ndugu yangu anasema mwenzake alirudishwa uwanjani na mtoto wa miaka 5. Nimsikilize nani? — Mama wa watoto watatu*

Marahaba mwanangu. Wamekuambia kweli wote wawili, ila kila mmoja amekuambia nusu. Mtu akikwambia mtoto amesamehewa, muulize hapo hapo: amesamehewa nini?

Marekani ina milango miwili. Wa kwanza ni wa chanjo ya korona. Tangu tarehe 8 Novemba 2021, mgeni anayeingia kwa ndege na amefika miaka 18 lazima aonyeshe kwamba amekamilisha chanjo, na awe amepitisha siku 14 tangu dozi ya mwisho. Walio chini ya miaka 18 hawadaiwi chanjo hiyo mlangoni. Huo ndio msamaha aliousikia wakala wako, na ni wa kweli. Mlango wa pili ni wa kipimo, na huko msamaha ni mwembamba sana: ni kwa mtoto ambaye hajafika miaka 2 tu. Kuanzia miaka 2 kwenda juu kila abiria anadaiwa majibu yanayoonyesha hana virusi, awe amechanjwa au hajachanjwa. Kwa hiyo mtoto wako wa miaka 13 na wa miaka 6 watapimwa, na wewe utapimwa. Yule mtoto wa miaka 5 aliyerudishwa, nadhani wazazi wake walisikia habari ya mlango wa kwanza wakadhani ni nyumba nzima.

Sasa huyu mdogo, ambaye siku yake ya kuzaliwa imeangukia angani. Mpime. Usikae ukipiga hesabu kama miaka 2 inahesabiwa siku ya kuondoka au siku ya kufika, ukaja kubishana na mtumishi wa ndege usiku, foleni nyuma yako na mtoto analia mgongoni. Siku ya kuzaliwa ikiangukia ndani ya safari, mhesabu mtoto kwa umri ule mkubwa.

Kipimo chenyewe kinachukuliwa lini? Hapa nitasimulia yaliyonikuta, maana ndiyo yaliyonifundisha.

Tiketi yetu ilikuwa ya Jumanne tarehe 7 Desemba. Kanuni niliyoisoma mwenyewe mwezi Novemba ilisema mtu mzima aliyechanjwa apimwe ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka, na watoto wasiochanjwa wanaosafiri na mzazi aliyechanjwa wafuate siku hizo hizo 3. Niliiandika kwa mkono nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Jumamosi tarehe 4 tukapimwa wote isipokuwa kichanga, aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi mitano. Mjukuu wangu wa kati, wa miaka 5, alilia mpaka akapaliwa, nikambembeleza kwa kumwambia, "Basi, basi, ni mara moja tu." Jumapili mchana majibu yalikuwa mkononi na masanduku yamefungwa.

Jumapili hiyo hiyo jioni binti yangu akafungua ujumbe wa shirika la ndege. Kirusi cha Omicron, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipa jina tarehe 26 Novemba, kilikuwa kimewatia hofu, na Marekani ilikuwa imeshafupisha muda: kuanzia tarehe 6 Desemba, kila abiria wa miaka 2 na zaidi apimwe siku moja kabla ya kuondoka. Ndege yetu ilikuwa ya tarehe 7. Vyeti vyetu vya Jumamosi havikuwa na kazi tena. Mabadiliko yenyewe yalikuwa yametangazwa tarehe 2, siku mbili kabla hatujapimwa, nami sikurudi kusoma kwa sababu niliamini nilichokibandika. Jumatatu asubuhi tulikuwa maabara tena, na yule mtoto akaniangalia kwa macho ambayo sijayasahau.

Kwa hiyo, mwanangu, soma kanuni leo. Isome tena wiki moja kabla, siku tatu kabla, na asubuhi ya kwenda kupimwa. Isome kwenye ukurasa wa serikali ya nchi unayokwenda na ule wa shirika la ndege lako. Ujumbe wa kikundi cha simu uwe wa kukuamsha tu uende kuthibitisha.

Kanuni ya siku moja ndiyo inayotumika mpaka ninapoandika haya, nayo ina jambo moja jema ambalo watu hawalijui: ni siku, si saa 24. Ndege yenu ikiondoka Jumapili tarehe 27 saa 5 usiku, sampuli iliyochukuliwa Jumamosi tarehe 26 saa 1 asubuhi inakubalika. Una Jumamosi nzima. Lakini ni Jumamosi! Piga simu maabara sasa hivi uulize kama wanafungua siku hiyo, wanapima watoto wa miaka 2, na majibu yanatoka saa ngapi. Marekani inapokea PCR, kile kipimo cha maabara kinachotafuta vipande vya kirusi, na inapokea pia kipimo cha haraka cha antijeni, ambacho majibu yake hutoka chini ya saa moja. Kwa muda mfupi namna hii, na kwa njia yako, mimi ningeelekea kwenye antijeni, mradi nchi ya kuunganishia nayo isikukatalie.

Hiyo nchi ya kuunganishia ndipo wengi wanapoangukia. Msamaha wa mtoto hauvuki mpaka. Tazama umri ambao nchi chache zinaanza kumdai mtoto kipimo: Marekani miaka 2, Kanada miaka 5, Italia miaka 6, Ufaransa miaka 12. Italia na Ufaransa zote zimo ndani ya Umoja wa Ulaya, na bado mtoto yule yule wa miaka 6 anadaiwa hapa na kuachwa pale. Uliza mambo mawili: tutabaki eneo la wanaounganisha au tutapita uhamiaji? Na mkikaa eneo lile lile, je, mnadai karatasi gani kwa kila umri?

Uliza pia kama tiketi yako ni moja. Kama safari nzima mpaka Marekani imeandikwa kwenye namba moja ya tiketi, na hakuna kituo mtakachosubiri zaidi ya saa 24, siku yako ya kipimo inahesabiwa kutoka ndege ya kwanza kabisa. Kama umenunua vipande viwili, inahesabiwa kutoka ndege inayoingia Marekani, na huenda ukalazimika kuwapima watoto katikati ya safari, ugenini, wakiwa wamechoka. Kanada ina hesabu yake: saa 72, kutoka ndege ya mwisho inayokwenda huko moja kwa moja. Usichukue hesabu ya nchi moja ukaipeleka nyingine.

Majibu yakitoka, usiyakunje ukayatia mkobani. Kaa mezani na pasipoti za watoto. Karatasi lazima ionyeshe aina ya kipimo, maabara iliyotoa, tarehe ya kuchukua sampuli, majibu yenyewe, na jina kamili pamoja na utambulisho mmoja zaidi, kama tarehe ya kuzaliwa au namba ya pasipoti. Tarehe inayoangaliwa ni ya sampuli. Ya kuchapisha karatasi haikusaidii. Jina liwe lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la kupanga la nyumbani, hata kama mtoto haitikii lingine, halina nafasi hapo.

Jumatatu ile usiku nilikaa hivyo na miwani yangu nikakuta maabara imebadilisha: mjukuu wa miaka 9 amepewa tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wake, na mdogo amepewa ya kaka yake. Binti yangu alikuwa amezisoma karatasi hizo mara mbili, jicho lake likienda moja kwa moja kwenye neno la majibu. Tuliwahi kabla hawajafunga, wakaandika upya. Kesho yake kaunta, mtumishi alifuata kila mstari wa kila mtoto kwa ncha ya kalamu, jina, tarehe, sampuli. Kichanga alimtazama tarehe ya kuzaliwa kwenye pasipoti, akaendelea.

Kuna fomu ya kiapo inayojazwa kwa kila abiria kuanzia miaka 2. Ya watoto utaitia sahihi wewe. Humo utaahidi kwamba watoto wako wasiochanjwa watapimwa tena kati ya siku ya 3 na ya 5 baada ya kufika, kwa hiyo mwambie mume wako aanze kutafuta mahali pa kupimia kabla hamjatua.

La mwisho kwako ni gumu, na sitaki likukute hujalifikiria. Itakuwaje akipatikana mmoja ana maambukizi? Yule aliyepatikana hasafiri, na ninyi mlioshinda na kulala naye msimwache kwa jirani mkapanda ndege. Mnabaki wote. Kwa hiyo kabla ya tarehe 26 jua masharti ya kusogeza tiketi zenu nne, na mjulishe baba yao kwamba jambo hilo linawezekana, ili asije akawaahidi watoto siku.

*Mama, mwanangu wa miaka 7 aliugua korona mwishoni mwa Desemba. Amepona, anacheza, ana nguvu zake zote. Wiki iliyopita tulimpima PCR kujiandaa na safari ya Marekani, majibu yakasema bado anavyo virusi. Daktari anasema haambukizi mtu. Tumevunjika moyo. Je, tuahirishe? — Baba yake*

Pole sana, baba. Usiahirishe bado.

PCR hutafuta vipande vya kirusi na kuvizidisha mpaka vionekane, kwa hiyo inaweza kuokota mabaki hadi miezi mitatu baada ya mtu kupona. Daktari wako amesema sawa. Kwa mtu aliyepona, Marekani inakubali njia nyingine badala ya kipimo: majibu yaliyoonyesha maambukizi, yenye sampuli isiyozidi siku 90 kabla ya ndege, pamoja na barua ya daktari au ofisa wa afya ya umma inayosema mtoto amepona na anaweza kusafiri. Barua iwe na jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, iwe na sahihi na tarehe, kwenye karatasi rasmi yenye jina, anwani na simu ya aliyeiandika. Majibu na barua viende pamoja. Kimoja peke yake hakimvushi mtoto.

Sasa nakuuliza: ile karatasi ya Desemba unayo? Nauliza kwa sababu nimekutana na familia nyingi zilizoichana. Karatasi inayosema mtoto ana maambukizi inaonekana kama aibu au nuksi, watu huiondoa nyumbani. Ndiyo itakayomvusha. Kama imepotea, rudi maabara wakuchapishie nyingine kutoka kwenye kumbukumbu zao, na hakikisha wamebakiza tarehe ya zamani ya sampuli.

Usimpime PCR tena. Ukitaka kutuliza roho yako, kipimo cha antijeni kwa mtoto aliyepona wiki nyingi zilizopita mara nyingi hakitaona kitu, na Marekani inakipokea. Kama siku moja mtakwenda Umoja wa Ulaya, hesabu yao ni nyingine: cheti chao cha kupona, ambacho ni sehemu ya vyeti vya msimbo wa QR vilivyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, kinahesabiwa kuanzia siku ya 11 baada ya kipimo cha PCR kilichoonyesha maambukizi, na kinaishia siku ya 180.

*Mheshimiwa muuguzi, mimi na mke wangu tuna kichanga wa miezi 7. Tunasafiri mwezi ujao kwenda nchi inayodai cheti cha homa ya manjano. Kila mtu anazungumzia korona, hakuna anayenijibu hili. Mtu mmoja ametushauri tuandikishe jina la mtoto kwenye kadi ya njano ya mama yake. Je, inafaa? — Baba wa kichanga*

Haifai, baba, na asante kwa kuuliza. Korona imetusahaulisha kadi ya njano, na kadi hiyo ilikuwapo kabla ya haya yote.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, katika kiambatisho cha 6, zinasema wazi kwamba cheti cha chanjo ni cha mtu mmoja, hakitumiki kwa pamoja, na watoto wapewe vyao. Nimewahi kupokea kliniki kadi iliyoandikwa mama na watoto wawili chini yake kwa mwandiko mzuri kabisa, na nililazimika kuwaambia kwamba hakuna aliyekuwa na cheti kati ya watoto wale. Mtoto asiyejua kuandika hutiliwa sahihi na mzazi au mlezi. Cheti kijazwe kwa Kiingereza au Kifaransa, lugha nyingine unaweza kuongeza tu. Mtaalamu atie sahihi kwa mkono wake, maana muhuri peke yake haushiki nafasi ya sahihi. Na ukiona mahali pamefutwa au pamerekebishwa juu kwa juu, omba kadi mpya, kwa kuwa marekebisho yanaweza kukibatilisha cheti chote.

Wako ana miezi 7. Nchi nyingi zinazodai cheti hiki huanza kwa mtoto wa miezi 9, nyingine mwaka mmoja. Angalia nchi yako ni ipi kati ya hizo. Usimkimbize mtoto kwenye sindano ili tu mkobani pawe na kadi. Chanjo ya homa ya manjano haitolewi chini ya miezi 6 kwa sababu ya hatari ya ubongo kuvimba, na kati ya miezi 6 na 8 hutolewa tu pale penye mlipuko au hatari kubwa. Hilo litaamuliwa na daktari aliyemwona mtoto. Wewe nenda na pasipoti yake na cheti cha kuzaliwa, na barua ya daktari yenye sababu ya kutochanjwa, kwa Kiingereza au Kifaransa. Kanuni zinawataka maofisa wa nchi mnayoingia waizingatie barua hiyo, ingawa wanaweza kumweka mtoto chini ya uangalizi hadi siku 6, ambao ndio muda wa ugonjwa kujitokeza.

Hujaniambia mnarudi lini. Mkikaa miezi miwili, mtoto atakuwa ametimiza miezi 9 mkiwa huko, na wakati wa kurudi, au wa kwenda nchi nyingine kutokea pale, atadaiwa kama mkubwa. Panga achanjwe huko huko akitimiza umri, siku zisizopungua 10 kabla ya safari ya kurudi, kwa kuwa cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Baada ya hapo amemaliza: tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hiki ni cha maisha. Akioa na kuzaa atakuwa anakitumia, basi kihifadhini mahali pakavu.

*Bibi mwenzangu, nawachukua wajukuu wangu wawili kuwapeleka kwa mama yao ng'ambo. Kuna karatasi gani yangu mimi? — Bibi wa wawili*

Hongera kwa moyo huo. Pamoja na karatasi za afya za kila mmoja wao, chukua barua ya wazazi wote wawili, kama wapo, inayokutaja kwa jina na namba ya pasipoti, na iliyothibitishwa na wakili. Watu wengi huandika "tunaruhusu asafiri nao" wakaishia hapo. Ongezeni kwamba unaruhusiwa kukubali wapimwe, watibiwe, na kutia sahihi fomu za afya kwa niaba yao. Mtoto akihitaji kupimwa uwanjani saa 8 usiku na mama yake amelala upande wa pili wa dunia, mstari huo mmoja ndio utakaokuokoa. Piga nakala, na nakala zikae kwenye begi lingine.

Kijana aliyeuliza kama anaweza kuweka misimbo ya QR ya wadogo zake wote kwenye simu yake: unaweza. Lakini chapisha pia. Simu huzimika, kioo hupasuka, na mtandao wa uwanjani haukuahidi kitu. Mimi hutumia mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, mmoja kwa kila mtoto, jina limebandikwa juu, pasipoti na karatasi zake humo humo. Ofisa akimwita mtoto, unatoa mfuko mmoja, huchambui rundo.

*Shikamoo Mama. Binti yangu ana miaka 4 na amesikia kwa watoto wenzake habari za kile kijiti cha pua. Kila nikitaja safari analia. Nimeshafikiria kumdanganya kwamba tunakwenda kununua viatu. Nifanyeje? — Mama yake*

Marahaba. Usimdanganye, nakuomba. Ukimdanganya leo, kesho hata ukimpeleka kununua viatu kweli atalia.

Kwanza uliza maabara wanatumia kijiti gani kwa watoto. Kuna kinachoingia ndani kabisa nyuma ya pua, na kuna kinachozungushwa mbele tu, kiasi cha sentimeta mbili, sekunde chache kila tundu. Kama nchi unayokwenda haijataja sampuli ya namna gani, omba hiki cha mbele. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui kwamba kipo.

Siku moja kabla, cheza naye. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, ampime mwanasesere wake, akupime wewe kwa kukugusa tu mlangoni mwa pua. Mwambie kweli: itawasha, macho yatatoa machozi, tutahesabu pamoja mpaka kumi, kisha itaisha. Asubuhi mpengeshe kamasi vizuri. Mkifika, kaa wewe kwenye kiti, yeye mapajani mwako, mgongo wake kwenye kifua chako. Mkono wako mmoja uikumbatie mikono yake yote miwili, wa pili uweke kwenye paji lake la uso ukiegemeza kichwa chake kwako. Kumshika hivyo si kumwonea. Kinachoumiza pua ni kichwa kuruka ghafla, na mtoto aliyeshikwa vizuri humaliza kabla hajajua. Mwombe muuguzi asianze mpaka mmeanza kuhesabu, na uhesabu kwa sauti, polepole, usiruke namba.

Ila usimwambie "ni mara moja tu". Mimi nilisema hivyo Jumamosi, na Jumatatu nikamrudisha mtoto kwenye kiti kile kile. Alisimama mlangoni akakataa kuingia. Nilipiga magoti nikamwambia nilikosea, nilisema jambo nisilolijua. Akaniuliza, "Hii ndiyo ya mwisho?" Nikamjibu, "Sijui, mjukuu wangu. Lakini nitakushika tena." Akafikiri kidogo, akapanda mapajani mwangu, akauchukua mkono wangu mwenyewe akauweka kwenye paji lake la uso.